Paje hadi Michamvi kwa baiskeli ya umeme na kayaki: mwongozo wa siku moja

Kila msimu maswali ni yaleyale. Lazima nijue kuogelea? Betri itanipeleka na kunirudisha? Tuanze na baiskeli au kayaki? Na mbona kiongozi kanipangia saa 8 na nusu alasiri wakati mimi nilitaka asubuhi? Majibu nimeyaweka hapa kwa njia ninayoipenda kuliko zote pwani ya mashariki ya Unguja: unatoka Paje, unapita Bwejuu na Dongwe, unafika Pingwe, kisha unakata upande wa pili wa rasi hadi Michamvi Kae. Hapo kayaki hushushwa kwenye Ghuba ya Chwaka na kuingia mikokoni. Kwa barabara ni kilomita 15 hadi 17 kwenda tu, kutegemea unaanzia wapi Paje.

Shika hili kabla ya mengine yote: siku hii inapangwa na maji. Asiyeyatazama atasukuma baiskeli kwenye mchanga mlaini, jua la utosi likimwangalia, kisha atafika Kae akute ghuba imekupwa, kayaki imekaa juu ya tope na korongo wanatembea pale alipotaka kupiga kafi.

Kabla hujalipa

Nenda na kiongozi, hata kama baiskeli unaijua tangu utotoni. Mifereji ya mikokoni inafanana, na upepo wa Kae una hila yake ambayo nitaieleza mbele. Mwombe akuonyeshe kitambulisho chake cha Kamisheni ya Utalii Zanzibar, halafu muulize maswali haya:

- Siku hiyo maji yanajaa saa ngapi Kae? Akikujibu "wakati wowote tu", mshukuru na utafute mwingine.
- Betri za baiskeli zina umri gani, na kuna ya akiba?
- Majaketi ya kuokolea yapo ya saizi zote, pamoja na ya watoto?
- Tukichelewa au baiskeli ikigoma, kuna gari la kutufuata?
- Bei ni kwa kichwa au kwa kayaki? Chakula na maji ya kunywa vimo ndani?

Kuhusu kuogelea: si lazima ujue, ila ni lazima useme. Watu wengi, wakiwemo waliozaliwa pwani, huona haya kusema hawajui kuogelea, na kiongozi anakuja kugundua mashua zikiwa zimeshatoka. Ukisema mapema utapewa kayaki ya watu wawili, ukae mbele, nyuma akae mwenye uzoefu. Jaketi litafanya kazi iliyobaki.

Vitu vya kuwa navyo

- Maji ya kunywa, angalau lita 2 kwa mtu. Madafu yapo njiani, lakini usiyategemee peke yake.
- Viatu vinavyofunga kisigino na kuvumilia maji chumvi. Ndala zinafia kwenye tope, na ukiingia mikokoni peku chaza watakukata.
- Fulana ya mikono mirefu na suruali nyepesi au kaptula iliyopita magoti. Mnapita vijijini, na jua la baharini linaunguza hata mtu mweusi tititi.
- Kofia yenye kamba, na kamba ya miwani kama unavaa.
- Mfuko usiopitisha maji wa simu na pesa. Ujaribu nyumbani kwenye ndoo ukiwa na karatasi kavu ndani.
- Nguo kavu za kubadilisha, na kanga au kikoi.
- Taa ya baiskeli, hata kama mmepanga kurudi mapema.

Kwa wanaovaa baibui au gauni refu: mnyororo na gurudumu la nyuma hunasa nguo upesi sana. Vaa suruali ndani, kusanya pindo ulifunge juu ya goti, na mtandio uchomekwe ndani ya kola. Kwenye kayaki nguo ndefu nzito ikilowa inakuwa mzigo, kwa hiyo chagua kitambaa chepesi.

Kama mwezi ni wa Ramadhani na umefunga, ihamishe safari hii. Saa kadhaa za jua na chumvi bila maji ni kujitafutia balaa.

Hatua kwa hatua

1. Soma maji, angalau siku mbili kabla. Tafuta jedwali la maji la Zanzibar kwenye simu. Wageni wa majedwali hukosea hapa: saa zake ni za tarakimu 24, zinazohesabiwa kuanzia usiku wa manane. Ukiona 16:20, hiyo ni saa 10 na dakika 20 jioni. Ukiona 10:40, ni saa 4 na dakika 40 asubuhi. Nimeona kundi zima likifika ufukweni saa 10 jioni kwa maji ya saa 4 asubuhi.

Huna jedwali? Tumia mwezi, kama wavuvi. Bamvua huwa siku za mwezi kuandama na za mwezi mpevu, yaani karibu na tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 za mwezi wa Kiislamu. Siku hizo maji hupanda na kushuka sana, tofauti ikikaribia mita 4. Maji mafu huangukia karibu na tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24, na tofauti huwa ndogo. Kila siku maji husogea mbele kwa kama dakika 50.

2. Chagua mpangilio wa siku kulingana na maji. Kwetu bamvua hujaa karibu na saa 10 hadi 11 jioni na kukupwa karibu na saa 4 hadi 5 asubuhi. Hiyo ni zawadi: mchanga mgumu unafunuka asubuhi kwa ajili ya baiskeli, na ghuba inajaa alasiri kwa ajili ya kayaki. Toka Paje kama saa 2 na nusu asubuhi, ufike Kae bila haraka, ule, uswali adhuhuri, upumzike kivulini, kisha mshushe kayaki saa 8 na nusu maji yakiwa bado yanapanda. Muwe mmetoka majini saa 10 na nusu ili mrudi Paje kabla ya kuchwa.

Maji mafu yanageuza kila kitu. Maji hujaa karibu na saa 4 hadi 5 asubuhi, kwa hiyo panda baiskeli saa 1 asubuhi, upite barabarani moja kwa moja, uwe kwenye kayaki kabla ya saa 3 na nusu. Ufukwe uuache kwa njia ya kurudi jioni.

Siku za katikati zinahitaji hesabu. Kanuni yangu ni moja: kayaki ianze saa moja na nusu au mbili kabla ya maji kujaa. Baiskeli ndiyo inayofuata.

3. Angalia upepo jioni ya kuamkia safari. Kusi ikivuma, kati ya mwezi wa 5 na wa 9 hasa, upande wa Paje hupigwa na mawimbi madogo madogo ya kuchosha, na Kae, iliyojificha nyuma ya rasi, hutulia kama maji ya beseni. Hila ndiyo hiyo. Pale upepo unatoka nchi kavu kwenda majini. Ukingoni huuhisi, lakini ukisogea mita mia kadhaa unaanza kukusukuma katikati ya ghuba, na kurudi unapiga kafi dhidi yake. Siku za kusi kali kaa karibu na mikoko, basi. Kaskazi, kuanzia mwezi wa 12 hadi wa 2 au wa 3, huingia kwa mdomo wa ghuba, kwa hiyo vurugu utaiona mapema na utaweza kuamua ukiwa bado nchi kavu. Masika ya mwezi wa 4, sahau.

4. Kagua baiskeli kabla ya kuipokea. Dakika tano zinatosha:

- Bonyeza breki zote mbili. Kishikio kisigusane na usukani.
- Washa kioo cha betri. Ikiwa haijajaa kabisa asubuhi, ikatae au uombe nyingine.
- Vuta betri kwa mkono. Isichezecheze kwenye kitako chake, na ufunguo utolewe.
- Kaa kwenye kiti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini: mguu uwe umenyooka. Kiti kikiwa chini zaidi ya hapo, magoti yatakuuma kabla ya Dongwe.
- Minya tairi. Kwa ufukwe, tairi nene hutolewa upepo hadi liwe laini kidogo chini ya kidole gumba. Likiwa gumu kama la barabarani litazama.

Betri ya wati-saa 500, ikiwa na afya, kwenye lami tambarare na kwa msaada wa kati wa mota, hukupeleka kilomita 40 na ushee. Mchanga unakula karibu mara mbili ya hapo. Kwa hiyo safari nzima inatosha, mradi usiweke msaada wa juu kabisa tangu mwanzo kwa ajili ya kujionyesha.

5. Zoea mota mahali pa wazi. Baiskeli hizi zina uzito wa kilo 20 na zaidi, na zinaruka kidogo unapoanza kukanyaga. Anza na msaada namba 1. Zunguka, simama, ondoka tena, funga breki ya nyuma kwanza halafu ya mbele. Usiweke mguu kwenye pedali ukiwa umesimama na mota imewashwa. Wengi wanaoanguka huanguka hapo, kabla hata ya kutoka uani. Mota nyingi huacha kusaidia ukifika kilomita 25 kwa saa, kwa hiyo ukihisi baiskeli imekuwa nzito ghafla kwenye mteremko, hakuna kilichoharibika.

6. Panda ufukweni kwa akili. Kipande kizuri ni Paje hadi Bwejuu, na mara nyingi hadi kuikaribia Dongwe. Mchanga mweupe mkavu wa juu ni mtego. Unaotakiwa ni ule uliolowa, wenye rangi iliyokoza kidogo, ulioachwa na maji hivi punde. Ujaribu kwa kisigino: kikizama zaidi ya upana wa kidole, sogea chini kuelekea majini au urudi barabarani. Weka gia nyepesi kabla hujaingia mchanga mlaini, endelea kukanyaga bila kusita, uzito nyuma, na usikate kona kali. Breki ya mbele kwenye mchanga itakurusha.

Usipite ndani ya maji, hata yale ya kifundo cha mguu yanayovutia kwenye picha. Chumvi huingia kwenye mota na viungio vya nyaya, na mwenye baiskeli ana haki ya kukudai.

Bamvua likikupwa utawakuta kina mama kwenye mashamba ya mwani, wamechuchumaa kati ya vigingi wakifunga mbegu kwenye kamba moja baada ya nyingine, maji yakiwa kiunoni kwa aliye mbali na kwenye vifundo kwa aliye karibu. Huo ndio muda wao wa kazi, maji yakirudi umekwisha. Usikatishe baiskeli juu ya kamba zao, toa salamu, na picha uiombe kwanza. Paje kuna pia wachezaji wa tiara za baharini. Kamba za tiara iliyolala mchangani huzioni mpaka zikunase shingoni. Pita nyuma yao, upande wa minazi.

Barabarani kumbuka: kushoto, mstari mmoja, na uwe tayari kwa daladala linalosimama bila taarifa. Vijijini punguza mwendo. Baiskeli ya umeme haina mlio, na mbuzi na watoto hawaisikii ikija.

7. Ukifika Kae, shughulikia baiskeli kwanza. Ifunge kivulini. Toa betri uiweke ndani, mbali na jua. Usiichaji ikiwa bado ya moto. Ipe nusu saa ipoe. Kama kuna umeme, chaji ya wakati wa chakula ni bima nzuri ya kurudia.

8. Vaa jaketi nchi kavu, ulikaze. Mwenzako ashike mabega ya jaketi avute juu. Likipanda hadi masikioni, kaza kamba za ubavuni. Jaketi linalotupwa ndani ya kayaki "nitalivaa ikibidi" halimsaidii mtu, kwa sababu ikibidi utakuwa tayari umo majini.

9. Jifunze kafi mkiwa mchangani. Weka kafi kichwani, viwiko vikiwa na pembe mraba: hapo ndipo mikono inaposhika. Ubapa uingie majini karibu na vidole vya miguu na utoke ukifika nyonga. Nguvu itoke kiunoni kwa kuzungusha kifua. Anayevuta kwa mikono mitupu huchoka upesi, na kesho yake hawezi kuchana nywele. Mkiwa wawili, mzito akae tezini, yaani nyuma. Wa mbele anaweka mwendo, wa nyuma anamfuata na ndiye anayeongoza. Kugongana makafi kunatokana na wa nyuma kutomtazama wa mbele, na hapo ndipo ndoa nyingi hujaribiwa.

10. Ingieni mikokoni maji yakipanda. Maji yanayojaa yatawabeba kwenda ndani ya mifereji bila jasho. Utaona mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyojikunja kama miguu ya kaa, na mchu, unaotoa vijiti vya kupumulia juu ya tope. Mlilana huwa upande wa nje unaopokea bahari. Usishike mizizi kwa mkono ili kujisukuma: imejaa chaza, na kidonda cha chaza huchukua muda kupona. Jisukume kwa ncha ya kafi. Nyamazeni kidogo na kaa watatoka, na mdiria akiwa na bahati mbaya ya siku hiyo mtamwona akikosa samaki.

11. Geukeni kabla maji hayajaanza kukimbia. Maji yakishajaa husimama kwa muda mfupi, kisha huanza kutoka polepole. Saa ya tatu na ya nne baada ya kujaa ndiyo yenye mkondo mkali. Muwe mmetoka zamani. Alama ya kugeuka ni majani yanayoelea: yakisimama palepale, geuza kayaki.

12. Rudi kwa barabara na uoshe vyombo. Alasiri ya bamvua ufukwe wa Paje umefunikwa, kwa hiyo hakuna mjadala. Ukifika, baiskeli ioshwe kwa maji baridi (yasiyo na chumvi) ya kumwagia taratibu, ipanguswe, mnyororo utiwe mafuta. Mpira wa maji wenye presha usielekezwe kwenye mota wala kwenye kitako cha betri.

Mambo yakienda kombo

*Mota imezima ghafla, betri ina chaji.* Zima, toa betri, pangusa vichwa vya shaba kwa kitambaa kikavu, irudishe mpaka ilie. Bado? Angalia vishikio vya breki: kimoja kikikwama nusu, mota nyingi hukata zenyewe. Halafu tazama sumaku ndogo kwenye spoki za gurudumu la nyuma. Ikisogea, baiskeli haijui kama inakwenda.

*Betri imekwisha njiani.* Inabaki baiskeli ya kawaida, nzito tu. Gia nyepesi, lami, na subira. Kwenye mchanga shuka usukume. Kama kuna kitufe cha kutembeza na chaji kidogo imebaki, kitumie hapo.

*Pancha.* Gurudumu lenye mota lina waya. Usilifungue bila kujua unakata wapi, mwachie kiongozi. Pancha ya gurudumu la mbele fundi yeyote wa kijijini ataiziba.

*Kayaki inazunguka tu.* Mara nyingi mkono mmoja unavuta zaidi. Piga mikupuo miwili upande ule inakoelekea, au burura ubapa nyuma upande unaotaka kwenda. Ikiwa upepo ndio unaigeuza omo, yaani ncha ya mbele, wa mbele aegemee mbele kidogo.

*Imepinduka.* Shika kayaki, usiogelee kwenda pwani. Mwenzako aje upande wako. Ipindueni kwa kuvuta ukingo wa mbali kuelekea kwenu. Mmoja aende upande wa pili aishikilie, mwingine apande kwa mpangilio huu: tumbo juu ya kayaki, geuka ukae, kisha miguu. Kafi lililoelea litafutwe baadaye.

*Mmekwama kwenye fungu maji yakitoka.* Shukeni mapema, wakati maji bado yanafika magotini, muiburure kuelekea mfereji. Burura miguu unapotembea, usiinue na kukanyaga, ili samaki aina ya taa waliojifukia mchangani wapate kukimbia. Mkichelewa mpaka tope tupu, kaeni ndani ya kayaki mumpigie kiongozi. Kutembea kwenye tope la mikoko usilolijua kunaweza kukushika hadi mapajani.

*Mmempoteza kiongozi mikokoni.* Simameni, pigeni filimbi ya jaketi. Kama maji yanakupwa, yanakokwenda ndiko iliko ghuba.

*Kiza kimewakuta Kae.* Msirudi kwa baiskeli bila taa, hata kama mwezi ni mpevu. Tafuteni gari la kubebea mizigo kijijini, patanisheni bei kabla ya kupakia, na baiskeli zilazwe kwa upande usio na mnyororo.